Tunda la Mobei Limeanguka

Kijiji cha Mama Valérie, karibu na Mubi
Walikale

Kwako kaka Grégoire, na kwa Mama yetu Dorothée kule Karuba,

Salamu zangu zikukute umekaa, juu nakujua: ukisoma ukiwa umesimama utaanza kutembea na kupiga kelele kabla ya kufika chini ya karatasi. Munaamukaje huko kwenye vilima? Goti la Mama linaendeleaje, bado anapanda mpaka kanisani ao sasa amekubali fimbo? Maharage ya musimu huu yalipona ile mvua ya mawe? Na ile ng'ombe nyekundu ilishazaa? Mimi niko muzima, namushukuru Mungu. Nakula, nalala, nacheka hata. Mama asikose usingizi juu yangu.

Utauliza juu ya nini nimeandika wakati simu iko. Kaka, kwenye simu unanikatia maneno. Nikisema moja, wewe unasema kumi, kisha unasingizia rezo ya simu imekatika. Barua haikatiwi. Shekinah, binti yako, amusomee Mama kwa sauti, asiruke mustari hata moja, na wewe usimunyang'anye. Jibu langu liko chini huko. Usilikimbilie kama unavyokimbilia baraka ya mwisho ili misa iishe.

Samy wa pikipiki alifika hapa siku ya soko, matope mpaka kwenye kofia, akanipa ujumbe wako jinsi ulivyomufundisha. Alisema kwamba matanga ya bwana yangu Nestor yamekwisha, basi nirudi nyumbani. Alisema Muzee Dusabimana wa Nyamitaba, yule aliyefiwa na bibi yake, ananitaka, iko muntu wa sala na mwenye moyo mwepesi. Alisema ulishakunywa kasiksi yake, pombe ya ndizi ya posa, na ng'ombe yake ya kwanza iko tayari inakula majani kwenye kilima chako. Na mwisho akaleta lile neno lililonichoma: kwamba mwanamuke asiye na mutoto hana mizizi kwa ukoo wa bwana yake, iko kuni iliyoegemezwa ukutani tu, leo iko pale, kesho iko motoni.

Kuni! Mimi, kaka? Samy mwenyewe aliona haya kulisema, akawa anaangalia gurudumu la pikipiki yake. Nilimupa bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikamuambia asubiri, nitaandika. Amesubiri, masikini, juu nilichelewa. Utajua kwa nini.

Wakati Nestor alinioa, wewe ulinisindikiza mpaka huku, ukalala usiku moja, ukalalamikia mbu, ukarudi. Hukuona kilichofuata. Huku musituni, bibi anayetoka mbali anaonyeshwa muti. Hawamupandii, wanamuonyesha muti uliojiotea wenyewe, bado kijana, ambao haujazaa. Mimi nilionyeshwa mobei nyuma ya jiko. Mama hajui mobei, mumuambie hivi: iko ndugu ya korosoli, ile wengine wanaita stafeli, lakini ndugu mukubwa, muti murefu wa musitu, na tunda lake linaweza kuwa zito kuliko mutoto wa kubeba mugongoni, ganda lake la magamba-magamba, ndani nyama ya rangi ya chungwa. Halichumwi. Ukilikata juu, ni bure, halitaiva na litakuumiza tumbo. Wanangoja lianguke lenyewe.

Siku ya kuonyeshwa, Papa Esdras, mukubwa wa ukoo wao, aliweka mukono wangu kwenye ganda la muti na kunieleza sheria mbele ya wote. Muti ukiwa wangu, shamba linalouzunguka ni langu. Lakini mpaka uzae, mimi niko mugeni. Siku tunda la kwanza litaanguka, nikilifungua kwa mikono yangu na kuwalisha watu wa bwana yangu, nimekuwa mutoto wa hapa, na hakuna wa kunifukuza, bwana awe hai ao amekufa. Na kabla ya siku hiyo hakuna muntu mwingine wa kugusa muti huo wala kukaribia, wala kumuambia bibi afanye hivi ao vile. Anayefanya hivyo anahesabiwa mulozi. Nilicheka moyoni, nikasema kwetu tunafunga ndoa kwa padri na inatosha. Lakini niliupenda muti ule siku ileile, sikufichi.

Basi nikauhudumia kama tulivyofundishwa Karuba. Unakumbuka avoka za Papa? Wewe njo ulinionyesha namna ya kushika mupanga bapa, unakwangua shina kutoka chini mpaka mukono unapofikia, unaondoa ukungu, vinundu, machipukizi, takataka yote, ili nguvu ipande juu kwenye matawi. Ulisema muti muchafu hauzai. Kaka, mobei wangu ulikuwa musafi! Kila Jumamosi nilikuwa pale na mupanga. Ungeweza kulia chakula kwenye shina lile. Niliuwekea majivu, niliuwekea samadi ya mbuzi, na nilikuwa nainua shingo kutazama kwenye matawi kama kuna maua. Wapi! Majani tu. Musimu unapita, mwingine unakuja, majani tu.

Watu wa hapa hawakusema kitu kwangu, juu sheria inakataza. Lakini mudomo haukosi njia. Huko mutoni, wanawake walikuwa wananyamaza nikifika, na mimi si kiziwi. Walisema bibi na muti wake wamefanana. Thierry, mudogo wake Nestor, huyo hakungoja hata nigeuze mugongo. Alikuwa akipita nyuma ya jiko anauliza hewa kama mwaka huu watakula nini, maua ya kanisani? Nestor alikuwa anamufukuza kwa jiwe. Nestor wangu hakunisema hata siku moja, si kwa muti, si kwa mutoto. Alikuwa ananiambia muti hauna haraka, na sisi hatuna haraka. Haya, kifo njo kilikuwa na haraka. Homa ilimushika akitoka musituni, tukamubeba mpaka kwenye dispanseri, akarudi amefunikwa. Hilo munalijua, mulikuja, mulilia pamoja nami, na ninawashukuru tena.

Musilolijua ni yale ya baada ya ninyi kuondoka. Huku, mujane hashiki kitu chenye makali mpaka matanga yaoshwe, yaani yaishe. Si kisu, si jembe, si mupanga. Wanasema mukono wake bado una baridi ya marehemu, utajeruhi kila unachokata. Sisi wakristo tunaimba Jumapili, na Jumatatu desturi iko palepale. Mama Valérie, mama mukwe wangu, alichukua mupanga wangu mwenyewe na kuuchomeka juu kwenye majani ya paa. Wengine walinikatia ndizi, walinikatia sombe, niliishi kama mutoto anayeota meno. Nilimuomba Mama Valérie anirudishie mupanga Jumamosi tu, kwa ajili ya muti, nikamuambia utaota uchafu. Alinijibu kwamba muti si sahani, na mujane ni mujane.

Kumbe Thierry naye alikuwa anahesabu mambo yake. Alipata rafiki mwenye musumeno wa moto, ule wa mashine, kijana anaitwa Prince, anayepasua mbao na kuzituma Mubi kwenye malori. Akaanza kusema kwenye baraza kwamba siku ya kuosha matanga, wataniosha na kunisindikiza kwetu, na muti ule tasa utapasuliwa mbao, na shamba atalima yeye. Alilisema polepole, kwa huruma nyingi, kama muntu anayekupangia safari ya hospitali. Na wazee wengine walikuwa wanaitikia kichwa, juu kwa kweli, kwa sheria yao, alikuwa na haki. Muti haukuzaa. Mimi nilikuwa mugeni aliyekaa sana.

Sasa sikia. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, nikasikia harufu. Kwanza nilidhani kuna muntu amevunja chupa ya manukato. Kisha nikafikiri ndizi zimeivia mahali, zimeiva kupita kiasi, tamu mpaka inakukata njaa. Nilifuata pua yangu mpaka nyuma ya jiko. Yesu wangu! Shina la mobei lilikuwa limejaa maua. Shina, kaka, si matawi! Kutoka pale chini karibu na mizizi mpaka juu ya kichwa changu, vinundu vimepasuka, vimetoa mashada ya maua manene ya rangi ya maziwa yaliyochacha kidogo, nyuki na mende wamelewa ndani. Maua yalikuwa yametoka palepale nilipokuwa nakwangua.

Nilipiga kelele, Mama Valérie akaja mbio akidhani ni nyoka. Aliangalia maua, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu isiyo na mupanga, na akaelewa kabla yangu. Huyo mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na nguo zake za matanga. Akasema miaka yote hiyo alikuwa anasikia kwa-kwa-kwa nyuma ya jiko akidhani napasua kuni, kumbe namutoa muti mimba kila Jumamosi. Nilicheka naye. Kisha nikalia, kaka, nililia vibaya, juu Nestor alikufa bila kuona hata ua moja, na lilikuwa ni kosa la mupanga tu, si laana. Tunda la mobei nililikula mara mingi, wawindaji walilileta nyumbani, lakini sikuuliza hata siku moja linatokea sehemu gani ya muti. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na uhakika kutoka Karuba, na muntu mwenye uhakika haulizi.

Mama Valérie, akiisha kupangusa macho, alinipa shauri. Alisema ninyamaze juu ya mupanga. Niseme Nestor njo ametuma maua kutoka kaburini. Watu wataogopa, Thierry wa kwanza, na hakuna atakayeinua mukono. Lilikuwa shauri zuri, na lingenipa usingizi. Nililikataa. Nilimuambia mama mukwe kwa heshima kwamba wamenihesabu mwenye laana miaka yote, sasa siwezi kujificha nyuma ya mizimu tena. Sikulaaniwa jana, sikubarikiwa leo na kaburi. Nilikuwa nakwangua. Alininunia siku nzima, kisha akaniletea chumvi, njo namna yake ya kusema yameisha.

Maua karibu yote yalianguka. Lilibaki tunda moja, likaanza kuvimba kwenye shina, usawa wa kifua changu. Matanga yakaoshwa likiwa bado gumu. Kesho yake Thierry akaja na Prince na musumeno wake. Nilikuwa nimeshakaa. Nilikaa kati ya mizizi, nikaegemeza mugongo pale chini ya tunda, nikawaambia waanze na mimi. Thierry alianza maneno mingi. Prince ndiye aliyenishangaza: alizunguka muti, akaona tunda, akaufunga musumeno wake kwenye gunia. Akamuambia Thierry alimuita kukata muti tasa, na yeye hakati kitu chenye mimba, atafute mwingine. Akaenda zake. Nitamukumbuka yule kijana kwenye sala.

Papa Esdras akaita watu wote kwenye baraza. Pale nilisimama nikasema yote, ya mupanga, ya avoka za Papa, ya kila Jumamosi. Walicheka, wacha wacheke. Thierry akarukia neno langu: akasema basi nimejishitaki mwenyewe, bibi aliyenyima ukoo matunda miaka yote kwa ujinga wake anastahili nini? Nikamujibu kwamba ujinga wangu ulikuwa unafanya kazi kila Jumamosi na yeye na akili yake hajawahi kubeba hata kikapo kimoja cha samadi. Nikasema mumenishitaki kwa jambo ambalo sheria yenu iliwakataza kunifundisha, na ningali hapa. Wanawake wa mutoni, walewale, njo walianza kupiga vigelegele.

Papa Esdras aliamua tungoje tunda. Likianguka lenyewe, muti umesema. Likioza juu ya shina, ao likianguka changa, Thierry atachukua shamba nami nitafunga muzigo. Hakuna wa kuligusa. Mvumilivu hula mbivu, alisema, na akamutazama Thierry aliposema hivyo.

Ni katika kungoja huko njo Samy wako alifika. Papa Esdras alisikia ujumbe wako, juu kijiji hakina siri na Samy anaongea sana. Akaniita, akanikalisha kwenye kiti chake, akaniambia kitu ambacho hawakunieleza ile siku ya kuonyeshwa muti, juu hakuna anayekiwazia siku ya harusi. Sheria ina upande wa pili. Bibi akishalifungua tunda la kwanza, watu wa kwao alikozaliwa hawana tena neno juu yake. Hakuna baba wala kaka wa kumupokelea ng'ombe, wala kumutoa kwa bwana mwingine. Akitaka kuolewa tena, ataamua yeye, kutoka hapa. Akifa, atazikwa hapa. Papa Esdras alisema ananionea huruma, nina Mama muzee, nina ndugu wanaonitaka, na sasa hivi mulango wa kwetu bado uko wazi. Alisema hakuna atakayenicheka nikiondoka na Samy. Na alisema kweli, hata Thierry angenibebea muzigo.

Nilifikiri, usidhani sikufikiri. Niliwaza kilima chetu na ukungu wake wa asubuhi, na Mama akipepeta maharage. Niliwaza maziwa ya moto. Muzee Dusabimana sina neno baya juu yake, angenitunza. Lakini ningefika kwake kama kile ulichosema, kuni iliyohamishwa kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule. Na hapa kuna kitu kimetoka kwenye shina kwa sababu yangu, mara ya kwanza, na kama ningeondoka na pikipiki kabla tunda halijaanguka, ningelisikia likianguka kila siku mpaka nife.

Kaka Grégoire, jibu lako njo hili. Tunda limeanguka. Lilianguka muchana, mvua ikiwa inaisha, kishindo kilitingisha masufuria jikoni, na kuku wote wakakimbia. Watu walitoka kwenye nyumba bila kuitwa. Mama Valérie akaniuliza mbele ya wote kama nitangoja kaka yangu atume ruhusa. Samy alikuwa pale, muulize. Sikungoja. Nilipiga magoti, nikalipasua kwa mikono yangu, na nilijua vizuri ninachopasua. Maji yake yalifika kwenye viwiko. Nilimulisha Papa Esdras, nikamulisha Mama Valérie, na nikamulisha Thierry kwa vidole vyangu mwenyewe, akala ameinamisha kichwa, kisha akaomba tena. Nikamuongeza. Ndani ya tunda kulikuwa utamu na uchachu kidogo, na mimi nilikula wa mwisho, juu mwenye nyumba anakula wa mwisho.

Kwa hiyo rudisha ile ng'ombe. Mupelekee Muzee Dusabimana salamu zangu za heshima, umueleze kwamba dada yako hayuko tena mukononi mwako wa kutoa, na kwamba hakukataliwa yeye, ulikosea wewe kunywa kasiksi kabla ya kuuliza. Utanikasirikia. Kasirika. Wewe ulinibeba mugongoni tulipokimbia vita nikiwa mudogo, sijasahau, na ninakupenda kuliko ndugu yeyote, na bado sirudi. Mama nimemulilia usiku kucha, mumuambie hilo pia, asifikiri moyo umekuwa jiwe. Goti lake likimuzuia kuja huku, nitakuja kumutazama mimi, kisha nitarudi huku kwangu.

Na wewe ukija, ujumbe hauhitajiki, njoo tu. Utalala kwenye kitanda changu nami nitalala jikoni. Utakaribishwa kama kaka wa mwenye shamba, utapewa kiti, utakula utakachopewa. Mupanga utauacha mulangoni.

Nisalimie Shekinah aliyesoma mpaka hapa, wasalimie wakristo wenzangu wa Karuba na wote wanaouliza habari zangu. Mungu awalinde na awape amani kwenye vilima.

Ni mimi dada yako,
Léontine, wa hapa